Namba Kumi na Kelele za Ras Al Khor

Kosa langu la kwanza kwa Namba Kumi lilikuwa kumpigia makofi.

Alikuwa ameuweka mpira juu ya kile kigoda kidogo cha plastiki wanachotumia wapigaji wa raga, amerudi nyuma, amejipangusa mikono kwenye soksi, na sasa alisimama akiitazama milingoti kama mtu anayejaribu kukumbuka aliiona wapi. Kwetu Nakuru, mpigaji wa upande wako akifika hapo unampa nguvu. Unapiga makofi, unaita jina lake, na mwenye pembe anapuliza. Nilikuwa mgeni kazini, nilitaka nipendwe, nikapiga makofi kwa moyo wote. Kijana akaruka kama aliyemwagiwa maji baridi, akapiga nyasi badala ya mpira, na mpira ukabingirika taratibu hadi chini ya basi la timu. Akageuka. Nikajua kazi imeisha. Yeye akanyanyua mkono akaniomba msamaha. Yeye ndiye aliyeniomba mimi.

Wiki nzima niliwaza jambo hilo. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikifunga geti narudi kulitikisa, kisha narudi tena kuhakikisha kwamba nililitikisa.

Namwita Namba Kumi kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita, kwa jezi aliyovaa. Ndiye aliyegawa mpira na kuelekeza wenzake, na katika timu yetu ndiye pia aliyepiga penalti. Kuhusu kuzaliwa kwake na ukoo wake sitasema kitu. Alinieleza mara moja, lakini binamu walikuwa wengi mno, nikapotea njiani. Ninachojua ni kwamba alikuja Dubai kutoka Ayalandi akiwa na miaka kumi na tisa, katika miaka ile ya 2010 ambapo Ijumaa ilikuwa bado ndiyo siku ya mapumziko, na kwamba alikuja kwa sababu alikuwa amefukuzwa kwa adabu.

Kwao, mpigaji akiweka mpira chini, uwanja mzima hunyamaza. Hata akiwa mpigaji wa wapinzani. Maelfu ya watu, wengine wamekunywa, wananyamaza kama wako matangani, na anayekohoa anaangaliwa vibaya. Namba Kumi alikulia ndani ya kimya hicho na hakuwa amekosa penalti nyingi. Kisha timu ya vijana ya jimbo lake ikapelekwa kucheza Ufaransa, ambako watu hupiga miluzi na ngoma, na huko akakosa zote. Kocha wao akamwambia miguu yake iko tayari, masikio bado. Aende akacheze mahali pengine msimu mmoja. Mwishoni wangetuma mtu wa kumtazama, na huyo ndiye angeamua kama kuna mkataba au hakuna. Shangazi yake alikuwa mwalimu katika shule moja ya Al Twar, akamtafutia kazi ya kufundisha watoto mazoezi ya viungo. Mkataba ukikosekana, angebaki hapo akiwafundisha watoto wa watu kuruka kamba. Hiyo kamba alikuwa akiitaja sana.

Na uwanja wa klabu yetu ulikuwa Ras Al Khor, nyuma ya gereji ambazo kutwa nzima zinanyoosha mabati ya magari kwa nyundo.

Mimi nilikuwa askari wa geti. Kazi ya kufunga vifundo na magoti ya wachezaji kwa plasta nilijifunza mwenyewe, kwa video za simu, kwa sababu kibanda cha geti kina muda mwingi na mtu wa kazi hiyo alikuwa ameacha. Mara ya kwanza nilipomfunga Namba Kumi goti, nililifunga, nikalifungua, nikalifunga upya, nikaona kona moja imekunjamana, nikalifungua tena. Mwishowe kazi ilikuwa safi kama ya kwenye video. Alicheza kipindi chote cha kwanza na mguu ulionyooka kama ufagio, akizunguka kwa kuruka. Nilipomuuliza wakati wa mapumziko mbona hakuniambia, alisema aliona nimehangaika sana.

Tulizungumza kwa Kiingereza, chake kilichokimbia na changu cha shule, kwa hiyo hapa naandika kama nilivyomwelewa. Nilimfundisha neno moja tu la Kiswahili mwanzoni, nalo ni pole. Nilimweleza kwamba unamwambia mtu hata kama si wewe uliyemuumiza. Alifurahi mno. Alisema hilo ndilo neno watu wa kwao wamekuwa wakilitafuta. Tangu hapo, akimwangusha mtu, alisema pole akiwa bado amemkalia kifuani. Siku moja alimwangusha Mganda wa timu moja ya Sharjah, akamwambia pole, na yule jamaa akacheka mpaka akauachia mpira.

Lakini usidhani alikuwa mpole wa kuonewa. Watu wa kilo mia na ushei walimjia mbio, naye akawapokea kama mtu anayepokea mizigo ya wageni. Alichoogopa ni paka wa uwanjani, mnyama mzee mwenye sikio moja, ambaye alipenda kulala juu ya begi lake. Ilibidi mimi nimwondoe. Nilimwondoa kwa heshima, kwa sababu hata mimi namwogopa.

Kuna mafuta yake ya jua. Bila mafuta, dakika chache nje zilimtoa rangi ya maziwa zikampeleka kwenye nyanya. Kwa hiyo alijipaka kama mtu anayepaka nyumba chokaa, masikio, shingo, nyuma ya magoti. Wenzake walilalamika kwamba kumpa mpira ni kumpa kambare ashike kambare. Na alikuwa na msemo wake wa kila msiba. Tukifungwa, basi likiharibika, mtu akivunjika kidole, alitazama juu na kusema, "Angalau hainyeshi." Aliyasema hayo Dubai, ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuipiga picha.

Na kuna chai. Kila mazoezi yakiisha nilikuwa na chupa ya chai ya maziwa kwenye kibanda. Kwa sababu sipendi kumlazimisha mtu, nilimuuliza kama angependa. Alisema hapana, hapana, asante. Nikafunga chupa. Kesho yake nikauliza tena, akasema hapana, hapana, asante, nikafunga. Tuliendelea hivyo karibu mwezi mzima, yeye akiitazama ile chupa ikifungwa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwao mtu mwenye malezi hukataa kwanza, na mwenyeji mwenye malezi huendelea kusukuma mpaka akubali. Kijana alikuwa akifa kwa hamu ya chai, nami nilikuwa nikimheshimu.

Ndivyo nilivyomheshimu pia kwenye kupiga penalti.

Baada ya lile kosa la makofi, niliamua nitamtengenezea kimya kama cha kwao. Nilianza na Ami Seif, dereva wa basi la timu, Mzanzibari aliyehamia Dubai kabla sijazaliwa, mwenye nyumba yake na wajukuu zake huko Al Twar. Nilipomwita Mzee alinikanya kwamba mzee ni gari. Yeye ni Ami. Nilimwomba azime basi kabisa wakati wa penalti, na kiyoyozi chake. Akazima, akakaa ndani ya joto akijipepea kwa kofia yake.

Kisha nikaingia kwenye programu ya simu inayoonyesha ndege zinazotua, nikawa namwambia Namba Kumi asubiri kidogo, kuna moja inatoka Karachi.

Mwisho nikaenda gereji. Msimamizi alikuwa Mpakistani mwenye ndevu za hina, mtu wa kuogopwa. Nilimweleza ombi langu nikiwa nimesimama karibu na mlango, tayari kuondoka.

"Unataka nisimamishe kazi ya arbab, tajiri wangu, kwa sababu ya mpira," alisema.

"Sekunde chache tu, sir."

"Huo mpira unaumwa?"

Nikamwambia mpira hauumwi, ila kuna kijana ambaye maisha yake yako hapo. Akawaza. Zamani, alisema, alikuwa akicheza kriketi, na anajua mtu anaweza kuharibiwa na mjinga mmoja anayepiga kelele. Tukakubaliana kwamba nikiinua kitambaa chekundu juu ya ukuta, nyundo zitasimama. Khalas, alisema, yamekwisha.

Siku ya kwanza ya mpango huo niliinua kitambaa. Nyundo zikasimama zote. Basi limezimwa, ndege hakuna, paka amefungiwa kibandani. Nilijivunia sana. Halafu vichwa vikaanza kuchomoza juu ya ukuta, kimoja kimoja, mafundi wote wa gereji na nyundo zao mkononi, wamenyamaza, wanamtazama kijana mmoja mweupe aliyepakwa chokaa. Walikuwa wakingoja apige ili warudi kazini. Akakosa. Nikainua tena, wakanyamaza tena, akakosa tena. Fundi mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

Wiki baada ya wiki alizidi kuharibika. Alianza kunitazama mimi kabla ya kupiga, kuona kama nimeridhika na kimya. Sikuridhika kamwe. Nilikuwa nasikia bomba linadondosha maji upande wa pili wa uwanja, naenda kulifunga.

Ami Seif alivumilia, kisha siku moja akashusha kioo.

"We kijana, hebu njoo. Wataka kuizima Dubai nzima?"

"Ami, ni dakika moja tu."

"Na kule anakokwenda kucheza, utamfuata na kitambaa chako?"

Nilisema nitaona. Alipandisha kioo.

Ijumaa moja, msimu ukiwa umebaki mwezi hivi, Namba Kumi alikuja peke yake kufanya mazoezi. Gereji zilikuwa zimefungwa. Nilifurahi, kwa sababu Ijumaa ilikuwa siku yangu bora ya kimya. Alikuwa ameanza kurudi nyuma kutoka kwenye mpira, na hapo kwenye maegesho, nyuma ya ukuta, watu wakaanza kuimba. Haikuwa redio. Watu wazima zaidi ya kumi, sauti zote, na mtu anapiga ndoo.

Nilikimbia. Nilimkuta dada mmoja mfupi amesimama juu ya kreti ya soda akiongoza kwaya. Huyo ndiye Rispa, Mkenya mwenzangu kutoka Vihiga, aliyekuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya Al Rigga. Hosteli ya wafanyakazi wa hoteli hiyo ilikuwa ng'ambo ya barabara, na msimamizi wao alikuwa amewapiga marufuku kuimba ndani. Nilisimama mbele yake, nikiupa uwanja mgongo, nikamwomba kwa upole wanyamaze kwa sababu kuna mchezaji anahitaji utulivu.

Hakuwasimamisha. Aliendelea kuwaongoza kwa mkono mmoja akanijibu katikati ya wimbo.

"Sasa wewe soja, huko tumefukuzwa, na hapa unatufukuza. Tuimbie wapi, kwenye friji?"

"Ni dakika chache tu, dada."

"Kwani huyo ni nani, rais?"

Nikaanza kumweleza habari za Ayalandi, za kimya, za Ufaransa. Nikiwa katikati ya Ufaransa, nikaona macho ya kwaya nzima yameinuka pamoja, yamepita juu ya kichwa changu, yakashuka nyuma yangu. Wakaendelea kuimba. Nikarudi kwenye maelezo. Macho yakainuka tena, yakapita, yakashuka. Mpiga ndoo akatabasamu.

"Soja," Rispa aliniambia, "huyo mtoto wako anaingiza."

Niligeuka. Namba Kumi alikuwa akiweka mpira mwingine. Alirudi nyuma kwa mdundo wa ndoo, akaja kwa mdundo wa ndoo, na mpira ukapita katikati ya milingoti, ukaruka ukuta, ukaanguka kwenye maegesho miguuni mwa sauti ya tatu. Mipira yote ilipoisha alitokea getini kuitafuta, mwekundu, anacheka. Alimsalimu Rispa akamwita madam, kama watu wote wa Dubai wanavyomwita kila mwanamke.

"Madam ni yule ninayemtandikia kitanda," Rispa alimwambia. "Mimi ni Dada. Na wewe umeungua. Kunywa chai."

Hakumuuliza kama anataka. Alichukua chupa yangu mwenyewe, akamimina, akamwekea kikombe mkononi. Namba Kumi alikunywa vikombe vitatu akiwa amesimama. Mimi nilisimama pembeni nikiitazama chupa yangu.

Tangu siku hiyo kitambaa changu kilibadilisha kazi. Niliporudi gereji kueleza kwamba sasa kitambaa kikipanda tunaomba kelele nyingi iwezekanavyo, yule msimamizi aliweka nyundo chini. Aliuliza kama mpira umepona. Nikamwambia uko njiani. Siku za kwanza mafundi walichanganyikiwa, nusu wakapiga mabati, nusu wakanyamaza na kuwafokea wenzao wanaopiga, na hiyo yenyewe ilikuwa kelele nzuri. Ami Seif alikabidhiwa honi. Aliipiga kwa furaha ya mtu aliyekaa ndani ya joto msimu mzima akizuiwa. Na kwaya ilikuja kila Ijumaa. Walipochoka na nyimbo za kanisani, Rispa alimtungia yake mwenyewe, kiitikio kimoja kilichozunguka bila kuisha: kijana paka mafuta, jua kali, paka mafuta. Namba Kumi aliuliza maana yake. Nilimwambia ni wimbo wa kumtakia afya, ambayo ni kweli.

Katikati ya kelele hizo alipiga vizuri kiasi kwamba nilianza kuogopa jambo jipya, kwamba mambo yanakwenda vizuri na sioni kasoro iko wapi.

Kasoro ilikuwa fainali.

Tulifika fainali ya vilabu dhidi ya timu ya walimu na mainjinia, wengi wao Waairishi, watu wa Ayalandi kama Namba Kumi, na jamaa zao walijaza upande mmoja wa jukwaa. Upande wetu alikuja Rispa na hosteli nzima. Mafundi watano wa gereji walikuja pia, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, wakiwa na spana mfukoni. Ami Seif aliegesha basi nyuma ya uzio karibu iwezekanavyo. Na mzee mmoja mwenye kofia ya majani alikaa peke yake safu ya mbele, akiandika kidogo, hanywi kitu. Huyo ndiye aliyetumwa na jimbo.

Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Refa akatupa penalti, ambayo ni pointi tatu, na saa ilikuwa imeisha. Lile teke lilikuwa la mwisho. Mimi ndiye niliyebeba maji na kigoda cha mpira, kwa hiyo nilikimbia nacho hadi kwake. Nilipokiweka chini, nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia miezi mingi. Kimya.

Waairishi walikuwa wamenyamaza. Wote, hata watoto. Walikuwa wapinzani wetu na walikuwa wakimpa kijana wa kwao heshima ya kwao. Mama mmoja aligeukia kwaya yetu akaweka kidole mdomoni. Rispa, alipoona umati mzima umenyamaza ghafla namna ile, alidhani kuna mtu amefariki. Akawaashiria wanakwaya wake. Wakavua kofia. Wengine wakainamisha vichwa wakaanza kuomba.

Namba Kumi aliweka mpira. Hakurudi nyuma.

"Siwezi," alisema bila kuniangalia. "Nasikia moyo wangu."

Kitambaa kilikuwa mfukoni mwangu. Nieleze hapa kwamba mimi sijawahi kukaripiwa na refa, wala na mwalimu, wala na konda. Maisha yangu yote nimeyapanga nisikaripiwe. Mbeba maji anayeharibu utulivu wa penalti anaweza kutolewa nje, na mbele yangu kulikuwa na mamia ya watu ambao kwao jambo hilo ni sawa na kupiga simu msikitini. Nilitazama yule mzee wa kofia. Nilimtazama kijana. Nikafikiria ile kamba ya watoto wa Al Twar. Nikatoka hadi kwenye mstari, nikainua kitambaa juu kabisa.

Hakuna kilichotokea. Kwaya ilikuwa imefumba macho.

Kisha nyuma ya uzio honi ya basi ikalia, ndefu, ya mtu asiyeondoa mkono. Rispa akafumbua macho. Aliona kitambaa, akaona kijana amesimama, akaelewa kwamba hakuna aliyekufa. Paka mafuta ikaanza kwa sauti ya kwanza, ikapokewa na hosteli nzima, na mafundi watano wakatoa spana wakaanza kuvipiga vyuma vya jukwaa. Waairishi waligeuka wote kwa pamoja. Yule mama wa kidole aliniambia waziwazi kwamba sikulelewa. Refa alikuwa akinijia.

Namba Kumi alicheka. Nilimwona mabega yakishuka. Alijipangusa mikono kwenye soksi, akarudi nyuma kwa mdundo, akaja kwa mdundo. Mpira uligonga mlingoti wa kulia, ukadondoka juu ya nondo ya kati, ukakaa hapo kama mtu anayeamua ashukie kituo gani, ukaangukia upande wa pili. Tukashinda.

Refa alinikaripia kwa muda mrefu. Nilisema ndiyo, sir, kwa kila sentensi. Baadaye yule mzee wa kofia akaja kwenye basi. Aliuliza kama wale watu huenda na mchezaji kila mahali. Nikamwambia hapana, sir, wanapata nafasi Ijumaa tu. Aliandika hilo pia. Ami Seif alimkaribisha kahawa, mzee akakataa, Ami akamimina, akakubali.

Namba Kumi akapata mkataba akarudi kwao. Siku ya kuondoka aliniachia chupa ya mafuta ya jua iliyobaki nusu, mimi ninayetoka Nakuru.

Miaka mitatu ilipita kabla sijamwona tena. Nilimwona kwenye simu tu, vipande vya mechi, shingo imenenepa, jezi ya jimbo. Halafu msimu mmoja wa baridi timu yake ikaja Dubai kwa mazoezi, na jioni moja teksi ikasimama getini akashuka yeye, na mpira mmoja kwapani. Uwanja ulikuwa unakaribia kuvunjwa ili wajenge maghala. Gereji zilikuwa zimehamia Sharjah. Ami Seif alikuwa amestaafu na kunenepa. Hata paka hakuwepo. Palikuwa pametulia mno, na mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha.

Nilimmiminia chai bila kuuliza. Alinieleza kwamba mechi yake ya kwanza nyumbani uwanja mzima ulinyamaza kwa ajili yake, watu maelfu, kama alivyoota tangu utotoni, na akakosa mbili. Iliyofuata alinong'ona paka mafuta, paka mafuta, mpaka mwisho, ikaingia. Tangu hapo ananong'ona kila penalti. Kamera humsogelea. Bibi yake ameiambia parokia nzima kwamba mjukuu wake husali kwa Kilatini kabla ya kupiga, na padri amemtaja kwenye mahubiri, kwa hiyo sasa hawezi kuacha wala kueleza.

"Ila mdundo umeanza kunipotea," alisema. "Nimekosa nne mwezi huu. Kuna kijana mwingine wa namba kumi, ana miaka kumi na tisa. Nilikuja kuusikia."

Tulitoka nje. Milingoti ilikuwa bado imesimama. Nilimpigia Rispa, ambaye sasa ni msimamizi wa usafi wa ghorofa mbili na ana watu wake wa kuamrisha. Alikuwa kazini. Nikamweleza kwa kifupi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Hapa siwezi kuimba, madam yuko koridoni," alinong'ona. "Ngoja niingie kwenye stoo ya mashuka."

Mlango ukafungwa huko Al Rigga. Nikaweka spika, nikaishika simu juu. Sauti ilitoka ndogo, imezibwa na mashuka, lakini mdundo ulikuwa wenyewe. Haikutosha. Namba Kumi alisimama, ananisubiri. Nikaiweka simu kwenye nyasi, nikaanza kupiga makofi. Nilianza vibaya, Rispa akanirekebisha bila kuacha kuimba, nikashika. Nilipiga makofi peke yangu kwenye mvua, kwa sauti, mlinzi wa ghala la jirani akitutazama.

Kijana alirudi nyuma. Alikuja. Mpira ulipita katikati, juu kabisa, ukapotelea kwenye paa za mabati, na tukausikia ukidunda huko.

"Soja," simu ilisema kutoka kwenye nyasi, "ameingiza?"

"Nimeingiza, Dada," Namba Kumi akajibu kwa Kiswahili. Akajifuta mvua usoni, akatazama juu kwa mazoea, akafungua mdomo aseme ule msemo wake, akaufunga.

Siku hizi mimi ndiye ninayefunga plasta za timu nzima, na karibu wote wanaweza kukunja magoti. Geti nalitikisa mara moja. Na tangu jioni ile sijamwambia mtu yeyote anyamaze.